Tumefungwa au Wamefungwa?

Ukiondoa amri na ile kauli ya mazoea inayotanguliwa na hu-, kitenzi cha Kiswahili aghalabu hakitoki nje bila kufuatana na nafsi. Mtu anayetaka kutoa habari ya timu iliyoshindwa hana budi kuamua mapema, kabla hajafika hata katikati ya neno, ni nani hasa aliyeshindwa. Tumefungwa. Wamefungwa. Imefungwa. Tofauti ni ya silabi moja tu, na msemaji huitamka pasipo kufikiri. Walimu wenzangu waliofundisha kidato cha kwanza wanajua jinsi jedwali la viambishi vya nafsi lilivyowapigisha wanafunzi miayo. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba jedwali hilo limebeba mambo mazito, na ushahidi wangu nimeutoa mahali ambapo sisi watu wa isimu hatuendi sana: katika kibanda cha video mjini Ukunda, jioni ya Ijumaa tarehe 22 Agosti 2025, Kenya ilipochuana na Madagaska katika robo fainali ya mashindano ya CHAN.

Kwa faida ya msomaji asiyefuatilia kandanda, CHAN ni kombe la mataifa ya Afrika kwa wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchini mwao wenyewe. Wale nyota walioko Ulaya hawaruhusiwi. Mashindano ya mwaka ule yaliandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Kenya ilikuwa haijawahi kushiriki hata mara moja. Isitoshe, iliwahi kupewa heshima ya kuyaandaa yale ya mwaka 2018, kisha ikanyang'anywa kwa kutokuwa tayari, na Moroko ikapewa. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyetarajia makubwa. Na kundi lenyewe lilikuwa la kutisha: Moroko, mabingwa mara mbili, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nao mabingwa mara mbili, Angola na Zambia. Vijana wa kocha Benni McCarthy wakaifunga Kongo bao 1-0, wakatoka sare ya 1-1 na Angola wakiwa wachezaji kumi, wakaifunga Moroko 1-0, tena wakiwa pungufu, wakaimalizia Zambia kwa bao 1-0 la Ryan Ogam. Pointi kumi, kileleni mwa kundi. Nchi nzima ikapata wazimu wa furaha.

Nasema nchi nzima, na hapo ndipo penye swali. Mechi za Kenya zote zilichezwa Nairobi. Nchini Tanzania, Zanzibar ilipewa mechi zake katika uwanja wa Amaan. Pwani ya Kenya haikupata hata moja. Mtu wa Diani akichukua ramani na rula ataona kwamba kwa mstari ulionyooka Amaan iko umbali wa kilomita zipatazo 200 kutoka kwake, na Kasarani ni zaidi ya 400. Ya kwenda Kasarani ni mengine: uvuke Likoni au uzunguke Dongo Kundu, upande gari au gari moshi, ulale ugenini. Watu wa Ukunda, Diani na Msambweni walifanya lililowezekana, wakaingia vibandani.

Kibanda nilichoingia mimi ni cha mabati na makuti, mabenchi ya mbao mbele, mkeka nyuma kwa watoto, na runinga mbili kwa tahadhari ya moja kuzimika. Mwenyewe alikuwa ameiua sauti ya runinga, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiingereza, na kando yake ameweka redio ya Kiswahili. Uamuzi huo una tatizo moja ambalo wapenzi wa soka wanalijua vyema: sauti ya redio hufika kabla ya picha ya setilaiti. Mtangazaji hupaza sauti ya bao wakati macho yako bado yanamwona mchezaji akiweka mpira kwenye kona. Lakini hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami, mwalimu mstaafu, alinieleza kwamba yeye mpira usiotangazwa kwa Kiswahili hauoni hata akiutazama. Akamtaja marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, Mombasa, aliyetutoka Februari 2025, kwamba ndiye aliyemfundisha kuuona uwanja kwa masikio. Nadhani alikuwa na haki. Mtangazaji wa redio wa zamani alikuwa na kazi ya kuwapa watu waliotawanyika nafsi moja ya wingi, na aliifanya kwa lugha iliyokuwa ya wote na isiyokuwa ya kabila lolote la wachezaji.

Mimi nilikuwa na daftari. Kila niliposikia kitenzi chenye kuihusu timu, niliandika kiambishi chake. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akichungulia mlangoni aliniona, akanidhania naandaa mkeka wa kamari, akaniomba nimpe timu mbili za uhakika.

Kipindi cha kwanza kilipita bila bao, na daftari langu lilijaa wa-: wanacheza nyuma sana, wamechoka, hawa leo hawataki. Ni lugha ya mtu anayetazama jirani akijenga nyumba. Dakika chache baada ya mapumziko, beki Alphonce Omija akafunga, na kibanda kizima kikabadilisha nafsi. Tumefunga! Tumeingia! Waliokuwa majirani sasa walikuwa wenye nyumba. Muda si mrefu ikalia adhana ya magharibi kutoka msikiti ulio karibu, na sehemu kubwa ya mabenchi ya mbele ikainuka kwa utaratibu kwenda kuswali, wakiiacha Kenya ikiongoza. Waliporudi walikuta sare. Madagaska walikuwa wamesawazisha kwa penalti. "Tumewaachia nini nyinyi?" aliuliza mmoja wao, na akawaangalia waliobaki kana kwamba wao ndio walioruhusu bao. Niliiandika sentensi hiyo yote, kwa kuwa ina nafsi mbili, na ile ya pili haikuwahusu wachezaji.

Muda wa ziada ukaisha 1-1. Ikaja mikwaju ya penalti. Neno hilo lenyewe ni la kutafakari: mkwaju ni mti wenye matunda machungu, na fimbo yake wengi wetu tuliijua shuleni kabla ya kuujua mti. Mikwaju ya penalti huchapa upande mmoja tu mwishowe. Kijana wa bodaboda nje alikuwa na redio yake ya simu, na sisi ndani mwenye kibanda alikuwa ameizima ya kwake, watu wamtakie pole ya mishipa. Haikusaidia. Kila mkwaju tuliujua kwa kijana yule: akipiga kelele, tuliketi tukisubiri picha ituthibitishie, akinyamaza, tulimtazama mpigaji akiuweka mpira chini, akirudi nyuma, akivuta pumzi, na sisi tayari tunajua. Sijapata kuona uchungu kama ule wa kumtazama mtu aliyekwisha kukosa akijiandaa kupiga.

Madagaska walishinda kwa mikwaju 4 kwa 3. Majina ya waliokosa sitayataja; yalitajwa vya kutosha usiku ule. Lililonivutia ni kwamba mikwaju iliyoingia iliitwa yetu, na iliyokosa iliitwa ya aliyeipiga. "Tumepata" ikafuatwa na "amekosa". Wingi ukawa umoja kwa mpigo mmoja wa mguu. Msomaji aliyewahi kuwa na mtoto darasani anaifahamu sarufi hii: akifaulu ni mtoto wetu, akianguka ni mtoto wako.

Jambo hili limechunguzwa na wenzetu. Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu na timu zao za mpira wa Kimarekani. Waligundua kwamba Jumatatu inayofuata ushindi, wanafunzi wengi zaidi huvaa nguo zenye nembo ya chuo chao. Kisha wakawapigia wengine simu na kuwauliza kuhusu mechi. Walioulizwa juu ya mechi iliyoshindwa na timu yao walielekea zaidi kusema "sisi" kuliko walioulizwa juu ya mechi iliyopotezwa. Kwa maneno mengine, mtu huota moto wa ushindi ambao hakuukokea, na ukizimika, husogea kando asije akapakwa majivu.

Nikiwa na utafiti huo kichwani, nilitarajia kwamba baada ya mkwaju wa mwisho kibanda kingerudi kwenye wa- ya kipindi cha kwanza. Na pale Ukunda nilikuwa na sababu za ziada za kutarajia hivyo.

Wanafunzi wa leo walikuwa hawajazaliwa, lakini walimu wao wanakumbuka. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa na vijana waliokula kiapo katika Kaya Bombo, hapa Kwale, na wiki zilizofuata watu wenye asili ya bara waliuawa, wakachomewa nyumba na vibanda, wakakimbia. Siasa za uchaguzi wa mwaka ule zilikuwa na mkono humo, lakini kuni zilikuwa tayari zimekauka: ardhi isiyo na hati, ajira za hoteli, na hisia ya mwenyeji kwamba yeye ndiye mgeni. Miaka kumi na mingine baadaye ikaja kauli ya Pwani si Kenya, ya kundi la MRC, lililopigwa marufuku mwaka 2010 na kurudishiwa uhalali na Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2012. Kama mwanaisimu niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba ile ni sentensi bora ya kufundishia kikanushi, maneno matatu na hakuna hata moja la ziada. Walicheka, kisha hawakucheka.

Siwezi kusema kwamba hisia hizo zimekwisha. Basi katika mabenchi yale walikuwako Wadigo, Waduruma, Wakamba ambao babu zao walipewa mashamba Shimba Hills, Waluo wa hotelini, Wakikuyu wenye maduka. Kushangilia pamoja ni rahisi, hata maadui hushangilia pamoja mvua ikinyesha. Ndiyo sababu nilitaka kusikia watasema nini wakifungwa.

Kwanza hawakusema kitu. Kisha kijana mmoja aliyevaa jezi ya klabu ya Uingereza akasimama na kusema kwa sauti, "Wametolewa wenyewe wa Nairobi, twendeni." Hii niliitarajia, na nikaiandika. Lakini mama aliyekuwa akiuza viazi karai mlangoni, ambaye kwa muda wote sikujua kwamba alikuwa akitazama, alimgeukia. "Wametolewa nani? Ulivyokuwa ukiruka hapa saa moja iliyopita ulikuwa Nairobi?" Watu wakacheka. Kijana akaketi tena. Na baada ya hapo yakamiminika: tumetolewa, tumezoea, tungefunga la pili mapema, tuna bahati mbaya sisi, tumewaweka nyuma mabeki wetu wakachoka. Hata lawama zilikuja kwa tu-. Mzee mstaafu alisema, "Kocha tunaye, mabao hatuna," na nikaona amemiliki vyote viwili, kilichopo na kisichopo.

Sisemi kwamba Cialdini alikosea. Kibanda kimoja si utafiti, na mwanafunzi wangu akiniletea tasnifu yenye sampuli ya kibanda kimoja nitamrudisha. Nasema tu kwamba kuna "sisi" ya namna mbili. Iko ile inayovaliwa Jumatatu kama fulana, na iko ile iliyokwisha kuzoea kufungwa. Harambee Stars imefika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara sita kati ya 1972 na 2019, na haijawahi kuvuka hatua ya makundi. Mtu aliyebaki akisema tu- baada ya historia kama hiyo hakubaki kwa ajili ya moto wa kuota.

Mfano mkubwa kuliko wote wa "sisi" ya namna hii ya pili ninaoujua hautoki katika soka. Unatoka katika beziboli, mchezo wa kirungu na mpira mdogo unaopendwa mno Marekani na Japani, na ambao kwetu ni wachache wanaoujua. Timu ya Chicago Cubs ilitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha ikakaa miaka 108 bila kuutwaa tena. Tarehe 2 Novemba 2016, katika mechi ya saba na ya mwisho ya fainali, ugenini Cleveland, walikuwa wakiongoza vizuri hadi wenyeji wakasawazisha 6-6 karibu na mwisho. Wakati wa kuingia muda wa ziada, mvua ikanyesha, na mchezo ukasimamishwa kwa dakika 17. Hebu fikiri, msomaji: miaka 108, halafu dakika 17 za kutazama uwanja uliofunikwa turubai. Cubs walishinda 8-7. Na katika siku zile mashabiki wao walikwenda kwenye kuta za uwanja wao wa nyumbani wa Wrigley Field na kuziandika kwa chaki, kutoka chini hadi mkono unapoishia, majina ya baba, mama, babu na nyanya waliofariki wakingoja. Kiingereza hakina kiambishi cha nafsi kinachoshikamana na kitenzi. Wale walikitafuta kwa chaki, na waliokuwemo ndani ya "tumeshinda" hiyo wengi walikuwa makaburini. Mtu wa Kwale, ambaye wazee wake wamelinda misitu ya kaya kwa ajili ya waliotangulia, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Nirudi kwenye lugha, kwa maana wanafunzi wangu watanilaumu nikiimaliza makala hii bila Chidigo. Nilipokuwa nikitoka kibandani nilipita kundi la wazee kwenye baraza ya kahawa wakiijadili mechi kwa Chidigo. Katika lugha hiyo kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi si tu-, ni hu-. Mgeni aliyezoea Kiswahili akisikia hu- hudhani inasemwa mazoea, kwamba timu fulani hushinda au hushindwa, pasi na mwenyewe. Kumbe mzee anasema "sisi". Nina rafiki kutoka bara, mwalimu mzuri, aliyekaa Msambweni miaka miwili akiamini kwamba Wadigo ni watu wa kusema mambo kwa ujumla na kutojihusisha, mpaka alipoelezwa. Nafikiri kosa la namna hiyo halikutendeka katika sarufi peke yake. Kuna watu wengi huko bara waliosikia Pwani ikisema "sisi" wakaelewa jambo jingine.

Na kuna sisi nyingine tena. Usiku uleule, baada ya mechi ya Kasarani, Tanzania ilicheza na Moroko jijini Dar es Salaam. Waliobaki kibandani, na walikuwa wengi, waliitazama kwa tu- ileile, pasipo kubadilisha hata pumzi. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka wa Lungalunga, na mwenye shangazi Tanga haoni kwa nini shangilio lake likaguliwe na forodha. Moroko walishinda 1-0. Kesho yake Uganda nayo ikatolewa na Senegali kwa bao 1-0, na wenyeji wote watatu wakawa watazamaji.

Ningependekeza kwa walimu wenzangu wa Kiswahili kwamba wakati wa somo la viambishi wawatume wanafunzi kwenye mechi ya mtaa na daftari, waandike nafsi kabla na baada ya kila bao. Waangalie hasa ni nani anayebadilisha na nani asiyebadilisha, na waulize kwa nini. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linatarajiwa kuandaliwa na nchi hizihizi tatu, kwa hiyo data haitakosekana.

Fainali ya CHAN ilichezwa Kasarani tarehe 30 Agosti, Moroko na Madagaska, nami siku hiyo nilikuwa Msambweni. Nilidhani kibanda kitakuwa kitupu. Kilijaa. Niliposhangaa ni kwa nini watu wanawashabikia waliowaliza juma lililopita, niliambiwa kwamba hao si wageni, hao ni Bukini, jina ambalo Pwani imeiita Madagaska tangu enzi za majahazi, na ambalo sikuwahi kulisikia likitoka katika kinywa cha mtu wa chini ya miaka sitini. Siku ile nililisikia kwa vijana. Mchezo ulikuwa mtamu. Bukini wakafungwa 3-2. Viambishi vilikuwa wa- kutoka mwanzo hadi mwisho, vya heshima na huruma, isipokuwa pale mtoto mmoja mkekani alipouliza hawa Bukini ni kina nani hasa, na baba yake akamjibu pasipo kuondoa macho kwenye runinga: "Ni wale waliotutoa."